"Mimi Sistahili"

Kila mara jumuiya ndogo ndogo za Kikristu zinapokutana kuchagua viongozi, neno moja husikika kabla hata jina la mteule halijaandikwa: "Mimi sistahili." Huyu anasema hakusoma. Yule anasema ana ulimi mzito. Mwingine anawakumbusha watu kwamba mwaka juzi aligombana na jirani yake kwa sababu ya mpaka wa shamba, na ugomvi huo kila mtu anaujua. Mara nyingi wote husema kweli. Basi tujiulize leo: je, ukweli huo watosha kuwa sababu ya kukataa?

Tumtazame Musa kwanza. Alipoitwa kwenye kile kijiti kilichowaka moto alitoa udhuru juu ya udhuru, hata akafika kuutaja ulimi wake mzito. Mungu hakumwambia kwamba ulimi wake ni mwepesi, wala hakuuponya pale pale. Alimpa Haruni, ndugu yake, awe msemaji wake. Tusilipite jambo hili upesi. Musa alikwenda kwa Farao na upungufu wake ule ule, ila hakwenda peke yake. Na Haruni mwenyewe, kama tujuavyo, hakuwa malaika: ndiye aliyewatengenezea watu ndama wa dhahabu wakati Musa alipokawia mlimani.

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya zamani sana. Haya, tuje karibu. Misioni ya Litembo, katika milima ya Umatengo, ilianzishwa na watawa Wabenediktini mwaka 1914, mwaka ule ule vita kuu ya kwanza ilipoanza. Vita ilipofika kusini, na katika miaka iliyofuata, wamisionari Wajerumani walikamatwa na kuondolewa nchini. Ni mwaka 1922 tu ndipo Padre Gallus Steiger, ambaye alikuwa Mswisi na si Mjerumani, alipopewa kuiongoza Prefektura ya Lindi, ambayo wakati ule ilienea mpaka huku Peramiho na Umatengo. Katikati ya miaka hiyo, mapadre waliopatikana kwa nchi pana namna hiyo walikuwa wachache mno. Ni nani, basi, aliyewakusanya Wakristu siku ya Dominika? Ni nani aliyembatiza mgonjwa mahututi, akawafundisha watoto ishara ya msalaba, akawasindikiza wafu kaburini kwa sala?

Ni walimu wa dini, hao tunaowaita makatekista. Walikuwa wakulima, wengi wao wenye elimu ya shule ndogo ya kijijini, wenye wake na watoto na madeni na hasira kama watu wengine. Hakuna aliyewauliza kama wanastahili. Wangelisema hapana, wala wasingekuwa wamesema uongo. Lakini kazi ilikuwapo, na padre hakuwapo. Kanisa lililopata askofu wake Mwafrika mwaka 1969, Mhashamu James Komba wa Songea, na kisha Jimbo la Mbinga mwaka 1986 chini ya Mhashamu Emmanuel Mapunda, halikuota juu ya mwamba mtupu.

Watu wa milima hiyo walikuwa na mafundisho yao juu ya jambo hili hata kabla ya Injili. Mmatengo anapolima ngolo, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa mistari inayokatana. Wanawake huzifukia kwa udongo wanaouchimba katikati, na mashimo yanayobaki huyazuia maji ya mvua yasiuporomoshe udongo bondeni. Mteremko ule haulimwi na jinsia moja. Hali kadhalika katika sengu ya zamani chakula cha nyumba mbalimbali kililetwa mahali pamoja, na mzee wa ukoo aliongoza mazungumzo huku akila pamoja na wengine. Mzee yule alikuwa na heshima kubwa, lakini chakula kilipikwa na watu wengi.

Hapa lazima tuseme neno gumu kidogo. Wako wanaoligeuza fundisho hili kuwa maficho. Mweka hazina anakula fedha za jumuiya, kisha anasema, "Sote ni wadhaifu." La hasha! Kukosa elimu ni upungufu. Kuiba ni dhambi, na fedha zirudishwe. Mtakatifu Petro alikwisha kupewa funguo, alikwisha kumpokea Roho Mtakatifu, na bado kule Antiokia alijitenga na meza ya Wakristu wasio Wayahudi kwa kuwaogopa watu waliotoka Yerusalemu. Paulo hakumfunika wala hakumsengenya pembeni: alimpinga mbele ya wote. Petro aliendelea kuwa Petro. Mwenzi wa kiongozi basi ana kazi mbili, kumsaidia pale asipoweza, na kumwambia usoni pale anapopotoka. Katika jumuiya zetu kazi ya kwanza twaipenda kuliko ya pili, na ile ya pili twaifanya njiani tukienda nyumbani.

Wako pia wasiosema "sistahili" kamwe, wanaokitaka kiti cha mbele kama Yakobo na Yohane walivyokitaka kile cha kuume na cha kushoto. Hao Bwana wetu Yesu Kristu aliwajibu kwa maneno, na usiku wa Karamu ya mwisho akawajibu tena kwa beseni la maji na kitambaa.

Tuwakumbuke na vijana wawili wa Uganda. Katekista wa Paimol alipofariki, Daudi Okelo alijitolea kushika nafasi yake. Alikuwa kijana wa miaka 16 au 18 hivi, aliyebatizwa mwaka 1916 tu. Jildo Irwa, mtoto wa miaka 12 au 14, alikwenda kumsaidia. Padre aliwaeleza hatari za huko. Wakaenda pamoja, wakafundisha pamoja, na mwezi wa Oktoba 1918 wakauawa pamoja. Kanisa liliwatangaza wenye heri mwaka 2002, wote wawili kwa siku moja.

Katika uchaguzi ujao, basi, mama asiyejua kusoma akitajwa kuwa mwenyekiti, tusimpokonye nafasi wala tusikimbilie kumkubalia udhuru wake. Tuulize nani atamsomea masomo, nani atashika daftari la michango, na nani atathubutu kumwambia anapokosea. Majina hayo matatu yaandikwe chini ya jina lake siku ile ile, na kikao kisifungwe mpaka yapatikane.