SOMO LA VIKUNDI: UMEME WA GARI KUUKUU LA CHAMA NA HATARI ZAKE

Gari la chama ni mali ya wanachama wote. Ndilo linalochukua kahawa, pamba au korosho kutoka ghala la chama, na ndilo linalorudi na mbolea, dawa na magunia. Katika vyama vingi gari hilo ni moja tu, nalo limekwisha zeeka. Gari likizeeka, watu hutazama kwanza injini, magurudumu na springi, kwa sababu ubovu wa vitu hivyo huonekana na kusikika. Ubovu wa umeme hujificha. Waya waweza kuungua kidogo kidogo kwa miezi mingi bila mtu kujua, na siku utakapojulikana ikawa ndiyo siku ya moto au ya ajali.

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu na wanachama kuelewa mambo matatu: jinsi umeme wa gari unavyofanya kazi, jinsi uzee unavyougeuza kuwa hatari, na wajibu wa kila mmoja katika kuizuia hatari hiyo. Si lazima msomaji awe fundi. Katibu asiyejua kufungua boneti aweza kuugundua ubovu mapema kwa kusoma vocha zake tu, kama itakavyoelezwa.

1. Safari ya umeme ndani ya gari

Magari madogo hutumia umeme wa volti 12. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano. Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ndani yake mna bamba za risasi na maji yenye asidi kali.

Dereva anapowasha gari, stata huvuta umeme mwingi kutoka katika betri, amperi mia na zaidi, kwa muda wa sekunde chache. Injini ikisha kuwaka, altaneta huzungushwa na mkanda, hulisha taa na vyombo vingine, na kuirudishia betri kile ilichotoa. Umeme hutoka katika betri kwa kupitia nyaya, lakini hurudi kwa kupitia bodi na chesisi ya chuma. Kwa hiyo mahali waya wa betri unapofungwa kwenye chesisi ni muhimu sawa na waya mwingine wowote. Pakishika kutu, taa hufifia.

Fundi mwenye kipimo cha volti aweza kuijua hali ya mtambo huu kwa dakika chache. Betri nzima ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi. Injini ikiwa inanguruma, kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.8 na 14.5. Kisipopanda, altaneta au mkanda wake una kasoro. Kikipita volti 15, kidhibiti cha altaneta kimeharibika, na betri inachemshwa. Katika lori la volti 24 hesabu hizi huzidishwa mara mbili.

2. Jinsi uzee unavyoleta hatari

Joto la injini hukausha plastiki inayofunika nyaya hata ikawa ngumu na kupasuka. Mtikisiko wa barabara za vumbi hulegeza skrubu na kuzisugulisha nyaya kwenye kingo za chuma. Maji ya mvua huleta kutu katika viungo. Panya wa ghalani huingia chini ya boneti ya gari lililolala na kutafuna nyaya. Juu ya hayo, kila aliyewahi kulitengeneza gari huacha alama yake: waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kipande cha nailoni, taa ya ziada, redio, au soketi ya kuchajia simu iliyounganishwa bila fyuzi.

Kiungo kilicholegea hakipotezi umeme bure. Huugeuza kuwa joto. Chukuliwe mfano wa waya unaopitisha amperi 10. Kiungo chake kikiwa na ukinzani wa omu 0.1 tu, volti 1 hupotea hapo, na wati 10 za joto hutolewa katika sehemu ndogo kuliko punje ya hindi. Plastiki iliyo karibu hulainika, huungua, na nyaya mbili hugusana. Hiyo ndiyo shoti.

Volti inayopotea njiani hupunguza mwanga pia. Taa kubwa ikipungukiwa volti kwa sehemu moja ya kumi, mwanga wake hupungua kwa karibu theluthi. Dereva hudhani macho yake yamechoka, kumbe ni kutu katika kiungo.

3. Fyuzi ni mlinzi

Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi ili uwe wa kwanza kukatika umeme unapozidi. Ukubwa wake hulingana na uwezo wa waya unaolindwa. Kwa mfano, taa mbili kubwa za wati 55 kila moja hutumia jumla ya wati 110. Wati 110 zikigawanywa kwa volti 12 hupatikana amperi 9 na kidogo. Fyuzi ya amperi 15 yatosha kulinda waya uliokusudiwa kuchukua umeme huo. Katika fyuzi bapa za siku hizi, nyekundu ni amperi 10, buluu 15, ya manjano 20 na kijani 30.

Fyuzi inapokatika huwa imefanya kazi yake, nayo inatoa habari kwamba kuna kasoro mahali. Baadhi ya madereva huweka badala yake kipande cha waya, msumari, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na gari huenda. Tendo hilo ni sawa na chama kumfukuza mlinzi wa ghala kwa sababu amepiga kelele usiku. Kuanzia hapo waya wenyewe ndio utakaoungua, nao umepita nyuma ya dashibodi, chini ya viti na kando ya bomba la mafuta.

4. Hatari nne kubwa

Moto. Lori lililobeba pamba au magunia ya katani hushika moto upesi. Mbolea zenye naitreti huuongezea moto nguvu. Gari likilazwa ndani ya ghala huku waya unaungua, ghala lote laweza kuteketea pamoja na mazao ya msimu mzima.

Giza barabarani. Lori lisilo na taa za nyuma, au lililozimika barabarani usiku, ni ukuta usioonekana. Desturi ya kutandaza matawi ya miti haitoshi, kwa maana matawi hayarudishi mwanga, na mara nyingi huachwa barabarani yakawa hatari kwa wengine. Gari lazima liwe na pembetatu za kuakisi mwanga.

Betri kulipuka. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni. Hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo yaweza kulipuka kwa cheche moja. Basi asiwepo mtu wa kuvuta sigara, kuwasha kiberiti au kumulika kwa kibatari juu ya betri. Asidi ikimwingia mtu machoni, aoshwe kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha apelekwe hospitali mara moja.

Kusukuma gari. Injini ya dizeli ya kizamani yaweza kuwaka kwa kusukumwa, na ikisha kuwaka huendelea hata betri ikiwa imekufa. Ndiyo sababu madereva huzoea kulilaza lori kwenye mteremko. Breki ya mkono ya gari kuukuu ikiachia, lori hushuka peke yake. Utingo na wanachama wanaolisukuma wako katika hatari ya kuteleza na kukanyagwa. Chama ambacho lori lake limesukumwa kwa wiki nzima kinaahirisha matengenezo kwa kuweka rehani miili ya watu.

5. Kile ambacho katibu aweza kukisoma katika vocha

Ubovu wa umeme huacha nyayo katika vitabu vya chama. Taabu ni kwamba kila vocha husomwa peke yake, na kwa kuwa fedha zake ni kidogo, hupitishwa bila swali. Chukuliwe mfano wa chama chenye vocha hizi za gari:

Machi: balbu 3 za taa kubwa, na chupa 2 za maji ya betri.
Aprili: balbu 2, na chupa 4 za maji ya betri.
Mei: betri kuchajiwa mara 2.
Juni: betri mpya.
Novemba: betri mpya tena.

Kila moja yaonekana kuwa ni matumizi ya kawaida. Zikisomwa pamoja zinasema jambo moja: volti imezidi. Balbu zinaungua kwa sababu hiyo, maji yanakauka kwa sababu hiyo, na betri ya pili imekufa kwa ugonjwa uleule uliomuua mwenziwe. Kidhibiti kimoja cha altaneta kingalibadilishwa mwezi wa Machi, matumizi mengine yote yasingalikuwapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vocha za fyuzi nazo zina lugha yake. Fyuzi moja kwa mwaka si neno. Fyuzi tatu za ukubwa uleule katika mwezi mmoja ni taarifa ya shoti. Tena, vocha za fyuzi zikikoma ghafula bila kuwapo vocha ya matengenezo, katibu asifurahi upesi. Huenda fyuzi imekwisha badilishwa kwa waya. Hana budi kuomba kuonyeshwa sanduku la fyuzi siku hiyohiyo.

Jambo jingine ni uchakavu. Katika leja, thamani ya gari hupunguzwa kila mwaka hata ikakaribia sifuri. Wajumbe wengine hukata shauri kwamba gari lisilo na thamani vitabuni halistahili kutengewa fedha katika makisio. Hayo ni makosa. Hesabu ya thamani hushuka, lakini watu wanaopanda gari hilo ni walewale, na hatari juu yao hupanda kila mwaka. Bodi ina njia mbili tu zilizo halali: kulitengeneza gari, au kuliondoa barabarani. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kuendeshwa barabarani, na chama kikiwa mwenye gari hakiwezi kumtupia dereva lawama yote.

6. Wajibu wa kila mmoja

Dereva akague kila asubuhi taa zote, taa za breki, honi na waipa, na aandike kasoro katika daftari la gari. Kila wiki aangalie maji ya betri yafunike bamba, na aongeze maji ya betri yaliyosafishwa tu, si ya kisima wala asidi. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri usafishwe kwa magadi yaliyoyeyushwa katika maji, vizibo vikiwa vimefungwa. Kabla ya kazi yoyote ya umeme, waya wa betri ulioungwa kwenye chesisi ufunguliwe kwanza na urudishwe mwisho. Akiazima umeme wa gari jingine, volti za magari hayo ziwe sawa. Aunganishe chanya kwa chanya. Waya wa hasi utoke katika betri nzima na ufungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri yake.

Katibu asome daftari la gari kila wiki na kuweka sahihi, na kila mwezi apange vocha za gari mahali pamoja na kuzisoma kama habari moja.

Bodi itenge katika makisio fedha za ukaguzi wa umeme mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya msimu wa ununuzi kuanza. Inunue kizima moto cha unga, na kumwagiza fundi afunge swichi kuu ya kukata umeme wa betri, ili gari lilalapo ghalani lisiwe na umeme katika nyaya zake.

Jambo kubwa kuliko yote ni haki ya dereva kukataa. Msimu unapopamba moto, mazao yamejaa ghalani na wanachama wanadai fedha zao, dereva asemaye kwamba taa hazifai huonekana mvivu au mchochezi. Bodi yapasa kuandika azimio katika muhtasari wa mkutano kwamba gari lenye kasoro ya taa, ya fyuzi au ya waya haliondoki, na kwamba dereva aliyeandika kasoro hiyo hatakatwa mshahara wala kukaripiwa. Mazao yakichelewa siku mbili, wanachama hunung'unika siku mbili. Msiba wa ajali haupimwi kwa siku.

Maswali ya majadiliano

1. Vocha za gari la chama chenu za miezi 12 iliyopita zinasema nini zikisomwa pamoja?
2. Lori la chama lina taa moja ya nyuma tu, na ni saa kumi na moja jioni. Mzigo umekwisha pakiwa na safari ni ya saa tatu. Nani ana mamlaka ya kulizuia, na imeandikwa wapi?
3. Fyuzi ya amperi 10 inakatika kila mara. Dereva anaomba anunuliwe ya amperi 30. Ajibiwe nini?
4. Je, makisio ya mwaka ujao yana fungu la ukaguzi wa umeme wa gari? Kama halimo, kikundi kiandike pendekezo la kupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu.

Baada ya majadiliano, kiongozi wa kikundi awaongoze wanachama hadi kwenye gari lenyewe, sanduku la fyuzi lifunguliwe, na kila mmoja aone kwa macho yake kilichomo.