Kioo Chekundu Nyuma ya Baiskeli

Kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli, ambacho mafundi hukiita rifleta, si pambo. Mkataba wa Usafiri wa Barabarani uliofanywa Vienna mwaka 1968 unakidai, pamoja na breki, kengele, na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma.

Tuchukue gari liendalo kilometa 72 kwa saa, yaani meta 20 kwa sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, meta 20 zimekwisha kupita. Breki zikipunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde, gari litahitaji meta 40 zaidi lisimame. Jumla ni meta 60. Aliyesimama gizani na baiskeli yake, akaonekana akiwa meta 40 tu mbele, atagongwa gari likiwa bado na mwendo wa kilometa 51 hivi kwa saa. Wanafunzi na wahakikishe hesabu hiyo wenyewe.

Kioo cha kujitazamia hakingefaa, maana mwali ukikipiga kwa mshazari huruka upande mwingine. Ndani ya rifleta mna vipembe vingi, kila kimoja kikiwa na nyuso tatu zilizokutana kwa pembe mraba. Mwali hugonga zote tatu na kurudi ulikotoka, kwa dereva. Vioo vitatu na tochi vyatosha kulionyesha jambo hili darasani.

Tope huizima rifleta. Gunia la mkaa huificha kabisa; mwenye kubeba gunia na afunge nyingine juu ya mzigo wenyewe.