Kuchagua Santuri ya Kupimia Picha ya Projekta

Mtu aliyejaliwa kuwa na projekta nyumbani, akatenga chumba na kukitia giza, akatundika pazia jeupe la inchi 100, ambalo ni takriban mita 2.2 kwa upana na mita 1.25 kwa kimo, aghalabu hudhani kuwa kazi imekwisha, ilhali chombo chake kimetoka kiwandani kikiwa kimepangwa ili kivutie macho ya mnunuzi dukani chini ya mataa, wala si kuonyesha filamu kama alivyoikusudia aliyeitengeneza. Rangi huwa zimekolezwa kupita kiasi, weupe umeingia ubuluu, na kingo za vitu zimezungushiwa mstari mweupe ambao wauzaji hupenda kuusifu kuwa ni ukali wa picha. Dawa yake ni santuri ya kupimia, yaani diski iliyorekodiwa michoro ambayo thamani zake zinajulikana, ili jicho lipate shahidi wa kuaminika badala ya kubahatisha. Nimetumia kadhaa katika chumba changu cha juu hapa Mombasa, nyingine zangu na nyingine za kuazima, na katika makala haya nitaeleza ninavyozichagua.

Jambo la kwanza ninalolitazama ni aina ya santuri yenyewe, maana sharti ilingane na filamu ambazo mtu huzitazama. DVD za huku kwetu, zinazofuata mfumo wa PAL, zina mistari 576 ya picha, na zile za Marekani 480, na rangi zake zimeandikwa kwa kanuni iitwayo Rec. 601, Blu-ray ina nukta 1,920 kwa 1,080 na hufuata Rec. 709, na zile za 4K zina nukta 3,840 kwa 2,160 na eneo la rangi lililo pana zaidi. Kwa hiyo, aliyepima kwa DVD amepima DVD tu. Akiitia Blu-ray katika chombo kilekile, huenda mashine ikaitafsiri rangi kwa kanuni nyingine, na vipimo vyake vyote vikawa si hoja. Ninawaheshimu waliotangulia katika fani hii, na hasa Joe Kane, ambaye A Video Standard yake ya mwaka 1989 ilitolewa katika zile santuri kubwa za LaserDisc, na baadaye akatoa Video Essentials. Kadhalika Avia ya mwaka 1999 ilikuwa mwalimu wa wengi. Walakini zile za zama za DVD ni za kumbukumbu sasa, ila kwa yule ambaye hazina yake ya filamu bado ni DVD.

Jambo la pili, nalo ndilo linalonishughulisha kuliko yote, ni mchoro wa weusi. Katika video ya kawaida, nuru huhesabiwa kwa tarakimu kutoka 0 hadi 255, lakini weusi kamili huanza katika 16 na weupe wa kiada huishia 235. Mchoro mzuri huonyesha mistari myembamba ya wima juu ya uwanja mweusi, kila mmoja na tarakimu yake chini, nao hupepesa ili jicho liuone kwa wepesi. Ukikaa mahali pako pa siku zote, taa zote zimezimwa, na projekta imekwisha kupata moto kwa muda wa nusu saa hivi, punguza kipimo kinachoitwa mwangaza, ambacho kwa hakika ndicho kinachotawala weusi, mpaka mstari wa 16 umezwe na uwanja wake, kisha uangalie 17 na 18: uzione kwa shida, kama zinazokuja na kutoweka, wala zisizame. Santuri ambayo mistari yake imerukaruka, ikatoka 16 hadi 20 bila ya kitu baina yake, haifai, kwa kuwa ni katika tarakimu hizo chache ndipo zinapokaa nywele za mchezaji aliyesimama gizani na mikunjo ya koti lake jeusi.

Nina neno hapa kuhusu chumba, kwa sababu santuri hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Nyumba nyingi za pwani zimepakwa chokaa nyeupe, na kuta nyeupe hurudisha nuru ya pazia juu ya pazia lenyewe, hata weusi ukawa kijivu kila panapokuwa na kitu cheupe katika picha. Hakuna mchoro wa kuliondoa hilo. Mimi nilitundika kaniki pande zote mbili na juu ya dari karibu na pazia, na tafauti niliyoiona siku ile ilizidi ya santuri yoyote niliyopata kuinunua.

Mchoro wa weupe ni ndugu wa ule wa weusi, na hauna maneno mengi: kontrasti ipandishwe mpaka kabla tu ya mistari ya juu kuungana kuwa bamba moja, na weupe usibadilike kuwa wa waridi wala wa manjano. Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni mchoro wa nukta, wenye mistari myeusi na myeupe inayopokezana kwa upana wa nukta moja moja. Iwapo picha inafika kwenye pazia bila ya kuguswa, mistari hiyo huonekana safi toka pembe hadi pembe. Iwapo imekuzwa kidogo, au mtu ametumia lile rekebisho la kidijiti la kunyoosha picha kwa sababu projekta imewekwa upande, patatokea mawimbi ya kijivu yanayotambaa katikati ya mistari. Hapo ni bora kuisogeza projekta kwa mkono kuliko kuinyoosha picha kwa rimoti.

Santuri nyingi huja na kichujio cha buluu, kipande cha plastiki cha kutazamia ili kupimia ukolevu wa rangi. Sikitegemei sana, kwa kuwa plastiki hiyo haizuii kijani sawasawa kwa kila aina ya taa, na projekta za taa, za LED na za leza hazitoi buluu iliyo moja. Kama projekta yako inaweza kuzima nyekundu na kijani ikabaki buluu peke yake, tumia njia hiyo. Wala asikudanganye mtu kuwa santuri itakupa weupe wa kelvini 6,500 unaotakiwa. Jicho huzoea weupe wowote kwa dakika chache, na kazi hiyo ni ya kifaa cha kupimia rangi kinachochomekwa kwenye kompyuta. Asiye nacho achague mpango wa rangi unaoitwa wa joto, aachie hapo.

Zipi basi? Kwa Blu-ray, ya Spears & Munsil, hasa toleo la pili la mwaka 2013, ndiyo ninayoitoa kabatini kwanza, kwa kuwa michoro yake ni ya uhakika na maelezo yake hayampotezi mtu. Disney WOW ya mwaka 2010 humfaa zaidi mgeni katika jambo hili, anayetaka kuongozwa hatua kwa hatua. Na asiyetaka kutoa fedha atafute AVS HD 709, iliyotungwa na wapenzi wa sinema wakaitoa bure: huchomwa katika DVD tupu ikachezwa na mashine ya Blu-ray, na michoro yake ya weusi haina la kuionea haya ile ya kununuliwa.

Kwa HDR, yaani video yenye masafa mapana ya nuru, pata santuri ya 4K iliyo mbali na hizo, kwa sababu kanuni yake hufika kandela 10,000 kwa mita mraba, filamu nyingi hupangwa kwa 1,000 au 4,000, na projekta nyingi za nyumbani hazifiki hata 200, kwa hiyo unachopima hapo ni jinsi chombo kinavyoibana nuru kuingia katika uwezo wake. Fanya kazi hiyo baada ya kumaliza ile ya kawaida, na uhifadhi vipimo vyake katika kumbukumbu nyingine ya projekta.

Kabla ya kuagiza kutoka ng'ambo, soma alama ya eneo. Kenya na Tanzania zimo katika eneo la 5 la DVD na eneo B la Blu-ray, ilhali za Marekani ni 1 na A. Santuri za 4K hazina kizuizi hicho. Na ukinunua mtumba, muulize muuzaji kama kichujio kimo ndani ya jalada, maana ndicho kinachopotea kwanza, kisha ukikosa umtake akupunguzie bei, na kama projekta yako ina njia ya buluu pekee, ichukue tu.