Thamani Iko kwenye Seva: Kwa Nini Msimbo Ukubali Kusubiri

Swali: Naomba salio la mteja kutoka kwenye seva kwa fetch, lakini mstari unaofuata unachapa undefined. Seva ina kasoro?

Seva haina kasoro. JavaScript kwenye kivinjari hutekeleza mistari yako katika uzi mmoja, na fetch haikai kungoja: hutuma ombi, hukukabidhi Promise inayoshika nafasi ya jibu litakalokuja, kisha kazi inaendelea mstari wa chini. Hapo ndipo unapochapa salio ambalo bado halijafika. Na safari yenyewe si ya bure. Mwanga ndani ya kebo za baharini husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde; Dar es Salaam hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kebo ingenyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 70. Muda huo haufutiki kwa ustadi wa kuandika programu, na ndiyo maana nashikilia kwamba kusubiri kuandikwe waziwazi: weka await, na kila kinachotegemea salio kikae chini yake. Wapo wanaotumia setTimeout ya sekunde 2 wakitumaini jibu litakuwa limeshawasili. Huko ni kubahatisha, na mtandao ukizidiwa makisio hayo yanaanguka.

Swali: Si rahisi zaidi kuuzuia msimbo hadi jibu lije? XMLHttpRequest inaruhusu.

Inaruhusu, kwa kupitisha false kwenye open, na msimbo unasomeka vizuri kweli. Ila uzi unaozuiwa ndio uleule unaochora ukurasa na kupokea mguso wa kidole, kwa hiyo mteja anabonyeza na hakuna kinachotokea. Utasema mtandao wa ofisini una kasi. Mteja wako hayupo ofisini. Mei 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora Afrika Mashariki. Katika hali kama hiyo ukurasa unaozuia huganda, ilhali unaosubiri kwa await bado unaweza kuonyesha “inapakia” na kitufe cha kughairi.

Swali: Basi await inatosha?

Haitoshi. Kwa fetch, jibu la 404 au 500 bado ni jibu, na Promise inatimia kama kawaida; kagua response.ok kabla ya kusoma chochote, la sivyo ujumbe wa hitilafu utachukuliwa kuwa salio. Mpangilio nao una mtego: mtu akiandika “ma” kisha “maharage” kwenye kisanduku cha kutafutia, jibu la kwanza laweza kuchelewa na kufuta la pili. AbortController hughairi ombi lililopitwa. Kuna pingamizi moja ninalolikubali kabisa: thamani ikijulikana tangu ukurasa unapotengenezwa, kama lugha ya mtumiaji, seva iiweke humohumo kwenye ukurasa, maana ombi la pili halina kazi. Na pale maombi kadhaa yasipotegemeana, yatume pamoja kwa Promise.all; ukiyapanga kwa await mojamoja, mteja atalipia kila safari peke yake.