SOMO LA AFYA: UJI WA MDOGO WAKO

Wengi wenu hapa Singida, hasa mabinti, huachiwa wadogo zenu mama akienda shamba. Basi somo hili ni lenu.

Mtoto hunyonya maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi 6. Hata maji hapewi. Kisha huanza uji, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2, muda uliotajwa katika Surat al-Baqara, aya ya 233.

Tumbo lake ni dogo. Uji wa uwele au mtama ukiwa mwepesi kama maji, atashiba lakini hatakua vizuri. Uwe mzito, usichuruzike upesi kwenye kijiko. Tia karanga zilizosagwa laini, au kijiko kidogo cha mafuta ya alizeti, ambayo kwetu si haba: gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9, ya wanga 4 tu. Mpe mara 2 hadi 3 kwa siku. Akifika miezi 9, mara 3 hadi 4.

Na asali yetu? Najua mabibi watanuna. Asali ni dawa, lakini aliye chini ya mwaka 1 asipewe hata ya kulamba, kwani huweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu tumboni mwake, ikalegeza hata misuli ya kupumulia.