Neno Baya Katika Barua ya Kuachishwa: Somo kwa Polisi wa Akiba

Wasomaji wetu wengi wa Garissa, Wajir na Mandera wanao jamaa aliyepata kushika bunduki ya Serikali katika kikosi cha polisi wa akiba. Kikosi hicho si kipya. Kiliundwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1948, na sheria inayokitawala leo ni Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Sheria hiyo yasema kwamba mkaaji wa Kenya aliyetimiza umri wa miaka 18, akijitolea mwenyewe na akionekana kuwa afaa, aweza kuandikwa ili asaidie polisi wa kudumu kulinda amani, watu na mali yao. Katika nchi yetu hii kavu, ambako kituo cha polisi huwa mbali sana na visima, mara nyingi polisi wa akiba ndiye wa kwanza kufika penye shari. Alfajiri ya tarehe 23 Machi 2025, polisi wa akiba 6 waliuawa kambini Biyamadhow, katika Fafi. Basi kazi hii si ya mchezo, na jina la mtu aliyeifanya si jambo la kuchezewa.

Somo letu la leo ni hili: mtu akiachishwa kazi hiyo, na katika barua yake pameandikwa neno baya juu ya mwenendo wake, naye anajua moyoni kwamba neno hilo si la kweli, afanye nini?

MAMBO MAWILI, WALA SI MOJA

Kwanza yafaa kufahamu kwamba kuachishwa ni jambo moja, na sababu iliyoandikwa ni jambo jingine. Serikali yaweza kuwaondoa watu kazini bila wao kuwa na kosa lolote. Mwaka 2019, kwa mfano, polisi wa akiba wa kaunti kadhaa za kaskazini na za Bonde la Ufa, kama vile Turkana na Baringo, waliamriwa kurudisha silaha zao wote pamoja. Mtu aliyerudisha bunduki kwa amri kama hiyo hakuhukumiwa kuwa mwizi wala mwoga. Lakini mtu aliyeandikiwa kwamba ameachishwa “kwa kukosa uaminifu” amepewa alama, na alama hiyo itamfuata atakapotaka kuandikwa tena, au atakapotafuta kazi ya ulinzi, au wakubwa watakapouliza habari zake.

Wazee wetu waliyajua mambo haya tangu zamani. Katika siku za ukoloni kipande kilichovaliwa shingoni kiliandikwa tarehe ya kuajiriwa na tarehe ya kuachishwa, na mtu ambaye mwajiri wake alikataa kumtilia sahihi ya kuachishwa alipata taabu kubwa kupata kazi kwingine. Katika Marekani, ambako jamaa zetu wengi wamehamia, askari wa jeshi la akiba huachishwa kwa cheti chenye daraja, kutoka daraja ya heshima hadi daraja ya aibu. Nao wamewekewa baraza la kuzipitia upya daraja hizo, ambalo hupokea maombi mpaka miaka 15 baada ya kuachishwa. Baraza hilo halimuulizi mtu kama anataka kurudi jeshini. Laangalia neno lililoandikwa, kama ni la haki au si la haki.

Kwetu hapana baraza moja la namna hiyo kwa polisi wa akiba. Ziko njia nyingine, na mtu aliye mtulivu aweza kuzifuata.

MFANO

Na tuchukue mfano, ambao si habari za mtu fulani. Polisi wa akiba mmoja alikuwa akilinda kisima. Usiku watu wasiojulikana wakaja kuwatoa ngamia zizini, naye akapiga risasi 5 hewani, wakakimbia. Asubuhi akampasha habari mkuu wa kituo kwa mdomo, kisha akarudi kazini. Miezi mitatu baadaye mkuu yule alikuwa amehamishwa, na mgeni wake alipokagua risasi akaona zimepungua 5. Barua ikaandikwa kwamba askari yule ameondolewa kwa kupoteza mali ya Serikali na kukosa uaminifu. Yeye alikuwa malishoni na mifugo, na barua ilimfikia baada ya wiki sita.

Jambo lake la kwanza lilikuwa hasira. Alitaka kuificha bunduki mpaka asikilizwe. Mpwa wake, karani kijana aliyesoma mjini Garissa, akamzuia.

“Abti,” akamwambia, “ukiificha bunduki utakuwa umewapa kosa la kweli badala ya lile la uwongo. Irudishe leo, na udai stakabadhi yenye namba ya bunduki na hesabu ya risasi.”

“Nikiirudisha, si nimekubali kwamba mimi ni mwizi?”

“La, abti. Umekubali kwamba bunduki ni ya Serikali. Jina ni lako, na hilo ndilo tutakalolipigania.”

Maneno ya kijana huyu ndiyo msingi wa somo letu.

KATIBA YASEMA NINI

Watu wengine hudhani kwamba mtu aliyevaa sare hana haki ya kuuliza. Hilo si kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 24, yataja haki ambazo sheria yaweza kuzipunguza kwa watumishi wa Majeshi ya Ulinzi na wa Huduma ya Polisi. Humo mmetajwa mambo kama kufanya mikutano na kujiunga na vyama. Lakini kifungu cha 47 na kifungu cha 35 havimo katika orodha hiyo.

Kifungu cha 47 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za Serikali, na kwamba mtu ambaye haki yake imeumizwa, au yaelekea kuumizwa, na tendo la ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitimiza kifungu hicho yaongeza kwamba mtu apewe taarifa ya shauri linalomkabili, na apewe nafasi ya kusikilizwa kabla ya shauri kukatwa. Nacho kifungu cha 35 chasema kwamba kila mtu ana haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli, au yenye kupotosha, inayomdhuru. Ajuaye vifungu hivi viwili amepata ufunguo wa shauri lake.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, rudisha bunduki, risasi, sare na kitambulisho cha kazi, na upate stakabadhi ya kila kitu.

Pili, andika nyuma ya nakala ya barua yako siku uliyoipokea na jina la aliyekuletea. Sisi watu wa mifugo huhama na mvua, na barua hukaa sana njiani. Usipoandika siku hiyo, itadhaniwa kwamba ulinyamaza kwa makusudi.

Tatu, omba sababu na kumbukumbu. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, ombi laandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na asiyejua kuandika aweza kusema kwa mdomo, na afisa hana budi kumwandikia. Kuomba hakuna malipo, ila gharama ya kunakili tu. Ofisi yapaswa kujibu katika siku 21, nayo yaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Mambo ya usalama wa taifa yaweza kuzuiliwa, lakini hapo ofisi haina budi kusema kwamba imekataa na kwa nini.

Nne, kusanya ushahidi. Katika mfano wetu, askari yule aliomba nakala ya daftari la matukio la kituo, lile ambalo wengi huliita OB, kwa tarehe ya usiku ule. Aliwaomba pia wenye ngamia na wenzake wawili waliosikia milio ya risasi waandike waliyoyaona, kila mtu kwa maneno yake, pamoja na tarehe na sahihi. Barua ya chifu au ya wazee kwamba mtu ni mwema yafaa, lakini haishindi ushahidi wa usiku wenyewe.

Tano, andika barua ya kupinga. Iwe fupi, isiyo na matusi. Huu ni mfano wake:

“Kwa Kamanda wa Polisi wa Kaunti, Garissa. Mimi nilikuwa polisi wa akiba katika kituo cha (jina). Nilipokea barua yako tarehe (siku) inayosema kwamba nimeondolewa kwa kukosa uaminifu. Sikuitwa wala sikuulizwa neno kabla ya barua hiyo. Risasi 5 zilizotajwa nilizipiga usiku wa tarehe (siku) kuzuia wizi wa ngamia, nami nilitoa habari kituoni asubuhi yake. Naambatanisha maandishi ya mashahidi watatu na stakabadhi ya bunduki. Naomba shauri langu lisikilizwe, maneno ‘kukosa uaminifu’ yaondolewe katika kumbukumbu zangu, na nijibiwe kwa maandishi. Wako mtiifu.”

Mwone mwandishi huyu: hakusema kwamba mkuu wa kituo anamchukia, wala hakutaja kabila la mtu. Alisema jambo lililotokea, akataja siku, akaonyesha ushahidi, na akaomba jambo linaloweza kutendeka.

MILANGO MINGINE

Barua hiyo ianze kwa aliyetia sahihi ya kuachisha, kisha kwa mkubwa wake, hadi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi. Nakala yaweza kupelekwa kwa Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi, ambayo Katiba imeipa kazi ya kusimamia nidhamu ya polisi. Ikiwa umenyimwa kumbukumbu, au ofisi imekataa kuzisahihisha, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala katika siku 30 tangu kupata jibu. Ikiwa kuna dhuluma ya mkubwa wa polisi, Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi ina ofisi mjini Garissa, na sheria yake yawaruhusu polisi wenyewe kulalamika pia.

Mahakama ni mlango wa mwisho. Sheria ya mwaka 2015 hutaka mtu amalize kwanza njia za ndani za rufani, ndipo aende mbele ya jaji, naye asikawie bila sababu. Kwa wenye hofu ya gharama, Katiba katika kifungu cha 22 yasema kwamba hapana ada ya kufungua shauri la kutetea haki zilizomo katika Katiba. Lakini ada ya wakili ni jambo jingine, na kwa hiyo ni vizuri kuuliza mapema habari za msaada wa kisheria unaotolewa chini ya Sheria ya mwaka 2016.

MAONYO

Usimpe mtu fedha anayejigamba kwamba anajua wakubwa wa Nairobi. Usingoje siku ya uchaguzi ili mwanasiasa akusemee. Usichanganye barua ya kuachishwa na cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa kwa alama za vidole. Kuondolewa katika kikosi si kuhukumiwa na mahakama, na asiyehukumiwa asikubali kuitwa mhalifu.

Tena usiseme uwongo. Ikiwa kweli risasi zilipotea kwa uzembe wako, omba tu kwamba kumbukumbu ziwe kamili: kwamba ulitumika miaka mingapi, ulilinda wapi, na kwamba lilikuwa kosa la uzembe wala si la wizi. Kati ya mzembe na mwizi pana umbali mkubwa, na mtu ana haki ya kuandikwa pale alipo hasa.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa jina la mtu. Kama askari wa mfano wetu angeliandikisha risasi zake katika daftari asubuhi ile, na kuiona namba yake kwa macho yake, barua ile isingeliandikwa. Basi wewe ambaye ungali kazini leo, Hulugho au Liboi au Balambala, usingoje kuachishwa ndipo uanze kutunza karatasi. Kila urudipo kutoka doria, hakikisha kwamba umeandikwa.