Niliyojifunza Nikitua na Spitfire

Kupigana angani nilikuzoea ndani ya mwezi mmoja. Kutua kumenichukua karibu mwaka. Gemu ninalocheza ni la ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ndege yangu ni Spitfire Mk IX. Nimeipindua na kuivunja mabawa mara nyingi kuliko nilivyotunguliwa.

1. Kasi ipunguzwe mapema. Nilikuwa nafika uwanjani na maili 130 kwa saa, nikiamini kasi ndiyo usalama. Spitfire halisi iliingia kutua na maili 95 hivi, kama kilomita 150. Ukizidisha, magurudumu yakigonga chini mkia unashuka, mabawa yanainua uso na kushika hewa upya, ndege inadunda kama mpira. Ikifika juu kasi imekwisha, bawa moja linalala. Mimi nilikuwa nasukuma joistiki mbele ili irudi chini, na hapo ndipo propela ilipokuwa inachimba ardhi. Siku hizi ikidunda naituliza, naongeza mafuta kidogo, naiacha ishuke. Ikidunda sana, nafungua mafuta yote nikazunguke upya, mguu wa kulia ukiwa tayari kwenye kanyagio, maana injini ya Merlin huivuta pua kushoto.

2. Njoo kwa kona. Pua ya Spitfire ni ndefu, na ukiiinua ili utue inauziba uwanja wote. Marubani wake waliingia wakiwa wamepinda, uwanja wakiutazama ubavuni, wakanyoosha ndege mwishoni kabisa. Nilipoacha kuja moja kwa moja kutoka mbali, nusu ya woga wangu uliisha.

3. Flapsi zake hazina nusu: ziko juu au zimeshuka zote. Zishushe ukiwa bado na nafasi ya kurekebisha.

4. Si kila ajali ni ya rubani. Somo hili ndilo lililoniuma. Baada ya gemu kusasishwa, ndege ilianza kubinuka kila ikigusa ardhi, hata nilipotua kwa ulaini kuliko siku zote. Wiki mbili nilijilaumu. Mpwa wangu, aliyekuwa ameketi pembeni, ndiye aliyeniambia, "Mjomba, hebu rudisha ile rekodi polepole." Tukairudisha. Magurudumu yalikuwa hayazunguki hata kidogo. Yaligusa nyasi yakiwa yameshakamatwa. Nikafungua orodha ya vidhibiti: gemu lilikuwa limeuunganisha wenzo wa mafuta na breki pia. Kila nilipourudisha nyuma ili nitue, nilikuwa nafunga breki. Nikafuta mstari mmoja, nikaruka, nikatua salama. Tangu hapo nikianguka mara tatu kwa namna ileile, naangalia rekodi kabla ya kugusa mazoezi yangu.

5. Picha zikikwama karibu na ardhi, mkono wako unachelewa. Hapo ndipo kompyuta inapochora miti, majengo na vivuli kwa pamoja. Nilipunguza vivuli na miti, uwanja ukapoteza uzuri kidogo, lakini kile kishindo cha mwisho nikaanza kukiona kinakuja.

6. Kugusa ardhi bado si kutua. Miguu ya Spitfire imeachana kama meta 1.7 tu, chini ya mabawa ya meta 11, na uzito uko nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo mkia daima unataka kuipita pua. Mguso mdogo wa kanyagio, kushoto, kulia, kushoto, mpaka isimame kabisa. Nilikuwa naachia miguu mapema, nikishangilia, na ndege inageuka kama pia.

Jana upepo ulikuwa wa ubavuni. Niliingia kwa kona, nikadunda mara moja, kidogo, nikaishikilia. Ilisimama jirani na mahema. Nikazima injini, mimi na mpwa wangu tukaitazama propela hadi ilipoacha kuzunguka.